Mbuzi Mgonjwa Asilimia Sitini

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliniita mama yake, na hakuwa akinitania. Kwetu Ukambani msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, kwa hiyo mimi nilizaliwa tayari nikiwa mama wa baba yangu na wa ndugu zake wote. Nilipofika Mutomo mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na begi moja na cheti cha kompyuta kutoka Nairobi, mwanamke wa karibu miaka sitini alinipokea mlangoni kwa mikono miwili.

"Mwaitu," alisema, yaani mama yangu. "Karibu. Umekonda. Huko Nairobi wanakulisha nini?"

Akanipa kiti kizuri, akanipa chai, halafu akanipa ufagio. Mama nilikuwa mama, lakini nyumba ilikuwa yake.

Nilikuwa nimeajiriwa na mradi mdogo wa mifugo uliokuwa na ofisi kando ya soko la mbuzi. Mkubwa wangu alikuwa daktari wa mifugo, mzee wa kanisa aliyetoka upande wa milimani, kule kwenye baridi na majani chai. Alikuwa ametibu mbuzi wa Kitui muda mrefu hata Kikamba akakijua vizuri, ila kila neno lilitoka na lafudhi ya kwao na watu walikuwa wakicheka kabla hajamaliza kusalimia. Alikuwa karibu kustaafu na jambo moja lilimkosesha raha: akiondoka, nani atawaambia watu mbuzi wao wana nini?

Jibu lake lilikuwa kompyuta. Yeye na mtaalamu mmoja walikuwa wamekaa pamoja na kuingiza humo kila alichojua kuhusu magonjwa ya mbuzi, kanuni moja baada ya nyingine. Mashine inakuuliza maswali, wewe unajibu, na mwishoni inakwambia ugonjwa na dawa. Siku hizi watu wanaimba akili bandia, akili bandia, kana kwamba ilizaliwa juzi. Sisi tulikuwa nayo Mutomo, ikiendeshwa na jenereta iliyokohoa kuliko mbuzi wenyewe.

Tatizo ni kwamba yule mtaalamu alikuwa ameshaondoka na programu ilizungumza Kiingereza cha chuo kikuu. Hapo ndipo nilipohitajika.

"Akili nimeshaiweka mimi," Daktari aliniambia siku ya kwanza, akiigusa ile kompyuta begani kama ndama. "Wewe ipe uso. Watu waweze kuongea nayo."

Nilidhani kuipa uso ni kutafsiri tu. Nikakaa chini, nikatafsiri neno kwa neno kwa Kiswahili safi, nikajipongeza. Kwa Kiingereza, mtu akibonyeza kitufe kisichotakiwa, programu ilimwambia kwamba amefanya jambo lisilo halali. Nikaandika hivyo hivyo, tena kwa herufi kubwa ili lionekane.

Mtu wetu wa kwanza alikuwa mkulima mwenye koti zito, akimvuta mbuzi jike kwa kamba. Nikamweka kwenye kiti. Swali likatokea: mbuzi anaharisha? Alitakiwa kubonyeza herufi ya ndiyo au ya hapana. Yeye akaweka kidole kwa heshima kwenye kitufe kirefu zaidi, akifikiri ndicho cha wageni. Kompyuta ikalia piii, na maneno yakajaa skrini: KOSA! UMEVUNJA SHERIA. JARIBU TENA.

Yule bwana alisimama, akavua kofia.

"Mimi sijavunja sheria yoyote," alisema, si kwangu, kwa skrini. "Huyu mbuzi nilipewa na shemeji yangu. Yuko hapo sokoni. Muiteni mumuulize."

"Mzee, si hivyo, hiyo ni—"

"Na inaniambia nijaribu tena! Nijaribu tena nini? Kuvunja sheria?"

Akatoka na mbuzi wake akitembea haraka kuliko alivyokuja. Kabla ya adhuhuri soko lote lilikuwa limesikia kwamba ile ni mashine ya polisi ya kukamata wezi wa mifugo. Kwa siku kadhaa hakuna mtu aliyekanyaga ofisini, isipokuwa mzee mmoja aliyekuja na furaha kubwa, akavuta kiti, akaamuru kompyuta imwonyeshe walioiba beberu wake.

Nilibadilisha maneno yale. Sasa ilisema: "Samahani, sijaelewa. Nijibu tena tafadhali." Daktari hakupenda.

"Kwa nini mashine iombe msamaha? Aliyekosea ni mtu."

"Daktari, wewe mgonjwa wako akikujibu vibaya, humwambii amevunja sheria."

"Wagonjwa wangu ni mbuzi," alisema. "Hawajibu."

Lakini aliniachia. Na mimi nikaamua kwamba kabla ya kuthubutu kuwaita watu wengine, nitaijaribu kwa mtu wa nyumbani. Nikamleta Shangazi.

Shangazi alikuwa akiuza chai na mandazi pale pale sokoni na alifuga mbuzi wachache aliowasema kama watoto waliofeli mtihani. Alikuwa mama wa kanisa, ameokoka, na sauti yake ilisikika hadi upande wa pili wa lori. Alikuja na mbuzi wake mweupe aliyekuwa akikohoa, akamfunga mlangoni, akaketi mbele ya kompyuta na kusubiri. Kompyuta ikauliza swali. Shangazi akaendelea kusubiri.

"Shangazi, jibu basi."

"Haijanisalimia."

"Ni mashine."

"Hata redio inasalimia, Mwaitu. Asubuhi inasema hamjambo wasikilizaji. Hii inaanza tu na kuharisha?"

Nikamwomba avumilie kwa siku hiyo. Akajibu maswali yote kwa kidole kimoja, akikitazama kidole kama kingeweza kumsaliti. Mwishoni ikatoka hukumu: homa ya mapafu, asilimia sitini.

Shangazi akasoma mara mbili. Akainuka, akaenda mlangoni, akamzunguka yule mbuzi pole pole.

"Asilimia sitini ni upande gani?" akauliza. "Ni huku mbele ama huku nyuma? Kwa sababu huku nyuma naona ni mzima kabisa."

Daktari alitoka kueleza. Alisema tuchukue mfano wa mbuzi kumi wanaokohoa namna hii. Sita watakuwa na homa ya mapafu na wanne watakuwa na kitu kingine.

"Lakini mimi sina mbuzi kumi wanakohoa," Shangazi alisema. "Niko na huyu mmoja. Sasa yeye ako kwa wale sita ama wale wanne?"

"Hatujui. Ndiyo maana tunasema sitini."

"Basi si mngesema tu hamjui?"

Daktari alirudi ndani amenuna, akamtibu yule mbuzi mwenyewe kwa sindano, bila asilimia. Nilipokuwa nasafisha vikombe nikamuuliza: yeye akienda bomani kwa mtu, na hana hakika ni ugonjwa gani, huwa anasemaje?

"Husema, nafikiri ni kitu fulani."

"Na ukiwa na hakika?"

"Husema, ni hii."

"Na ukiwa hujui kabisa?"

Alifikiri. "Hukohoa," alisema mwishowe, "halafu naomba maji ya kunawa."

Tukatupa nambari zote. Mashine ikaanza kusema "Ni hii", au "Nafikiri ni hii", au "Hata mimi sijui vizuri, mwite daktari". Nilitamani sana kuiwekea na kikohozi, lakini ile kompyuta ilikuwa na sauti moja tu ya piii, na piii ilishaharibu jina letu sokoni.

Kisha nikageukia salamu, na hapo nilizidisha. Nilitaka Shangazi aridhike. Nikaifanya mashine iulize habari ya nyumbani, habari ya watoto, habari ya shamba, kama mvua imenyesha, na baada ya kila jibu iseme "Asante Mungu", maana ndivyo watu wetu husema. Nilijiona nimeelewa utu hasa.

Aliyeketi kwanza alikuwa mzee wa kanisa la jirani, mtu mpole. Hujambo? Ndiyo. Asante Mungu. Watoto wazima? Ndiyo. Asante Mungu. Mzee akanitazama na kutabasamu, akasema kwamba huyu mtoto amelelewa vizuri. Mvua imenyesha? Sasa mwaka ule mvua ilikuwa imetukataa kabisa. Hata mito ya mchanga ilibidi uchimbe hadi uingie kichwa ndipo uone maji. Mzee akabonyeza hapana kwa masikitiko.

"Asante Mungu," ikasema kompyuta.

Mzee aliondoa mkono kama aliyeshika jiko la moto. "Inashukuru? Inashukuru kwa ukame?"

"Mzee, ni kosa langu, mimi ndiye—"

"Na nikisema mbuzi amekufa?"

Sikujua pa kuuficha uso wangu, maana nilijua jibu. Alijaribu, akaona mwenyewe. Tulimpa Shangazi kazi ya kumtuliza kwa chai, na mimi nikaketi saa nzima kuhakikisha kila hapana ya huzuni imepata "Pole sana". Salamu nikazikata zikabaki mbili. Hata hivyo nilikuja kugundua kwamba watu wengi walikuwa wakiijibu kwa sauti, kirefu, kisha ndipo wanabonyeza, kwa hiyo foleni haikuisha haraka hata kidogo.

Kilichonipa raha zaidi ni kitufe chekundu. Ndani ya programu, mahali pa siri, yule mtaalamu alikuwa ameacha uwezo wa kuiuliza mashine sababu ya swali lake. Nikautoa nje. Nikapaka kitufe kimoja rangi ya kucha, nyekundu, nikaandika juu yake KWA NINI. Nikamwita Shangazi aje ajaribu.

Mashine ikauliza: mbuzi anakula vizuri? Shangazi akabonyeza nyekundu. Ikajibu: nauliza kwa sababu mbuzi mwenye homa hukataa chakula. Nyekundu tena. Kwa sababu homa huondoa hamu. Nyekundu. Shangazi alikuwa amesogeza kiti, ameinama, kidole juu kama mwalimu wa Jumapili anayembana mtoto kuhusu aya ya kukariri. Nami nilijua mashine inakaribia kuishiwa, kwa kuwa mimi ndiye niliyeandika jibu la mwisho kabisa, lile la chini ya yote, nikidhani hakuna mtu atakayefika huko. Lilitokea: "Kwa sababu ndivyo alivyosema daktari."

Shangazi aligeuka polepole. Daktari alikuwa dirishani na kikombe chake.

"Ni wewe ulisema?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

Daktari aliweka kikombe chini. Akavuta kiti, akaanza kumweleza habari za damu, joto na tumbo la mbuzi lenye vyumba vinne, akachora kwa chaki sakafuni, na Shangazi akauliza kwa nini mara nyingine hadi jenereta ikaishiwa mafuta na wao hawakuona. Sijawahi kumwona Daktari na furaha namna ile. Shangazi aliondoka akisema sasa anaweza kuiamini ile mashine kidogo, maana angalau ina mwenyewe, na mwenyewe anajulikana anakokaa.

Ndipo wageni wakaja. Walikuwa wakubwa wa mradi kutoka Nairobi, waliosikia kwamba huku Mutomo wakulima wanazungumza na kompyuta. Daktari alivaa suti. Akina mama wa kanisa walipika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa pamoja na maharagwe, masufuria mazima, na nyama. Wageni walichelewa barabarani na Daktari, kwa wasiwasi, akawa anaonja. Walipofika ikabidi ale nao, kwa adabu. Kisha kila mama aliyepika akataka kumwona akila cha kwake, kwa kuwa alikuwa amewatibia mbuzi wao wote, na hakuweza kumkatalia hata mmoja.

Tukaingia ofisini kwa maonyesho. Shangazi ndiye aliyechaguliwa kuketi kwenye kiti, amevaa kitambaa chake cheupe cha kichwa. Nikatoka nje kumleta mbuzi tuliyemwandaa. Nilikuta kamba peke yake. Mbuzi mwenyewe alikuwa mbali, anapanda kichuguu, na hakuwa na dalili ya ugonjwa wowote.

Nikarudi na aibu yangu. Mgeni mmoja, mama mpole mwenye miwani, akasema, "Si neno. Endelea tu, mama. Jibu kana kwamba mbuzi yupo."

Niliona uso wa Shangazi ukikunjana.

"Kana kwamba?" alisema. "Mimi nimeokoka. Siwezi kujibu uongo mbele ya wageni." Akaanza kutazama chumbani kote, kana kwamba huenda kuna mgonjwa mahali. Macho yake yakafika ukutani na kusimama hapo. Akageukia kompyuta.

Ni dume au jike? "Dume," alisema kwa sauti, akabonyeza. Ni mchanga, wa makamo au mzee? Akatazama tena ukutani, akipima. "Mzee." Anakula? "Sasa ameacha." Amejitenga na wenzake?

Hapo ndipo nilipogeuka nami. Daktari alikuwa amesimama peke yake kwenye kona, mgongo ukutani, mkono ndani ya koti la suti, anapumua kwa juu juu.

"Ndiyo," Shangazi alisema. "Amejitenga."

Tumbo limefura upande wa kushoto? Shangazi akainuka, akapita katikati ya wageni.

"Daktari, samahani. Geuka kidogo."

Naye, kwa mazoea ya mtu mwenye adabu, akageuka. Shangazi akamtazama, akarudi, akabonyeza ndiyo. Wageni walianza kuelewa mmoja mmoja; niliona mabega yakitikisika. Alikula nini kwa wingi: majani mabichi, nafaka au takataka? "Nafaka," alisema Shangazi. "Tena tulimwona sisi wote."

Kompyuta ikanyamaza kidogo kama ilivyozoea, halafu ikatoa jibu lote kwa herufi zangu nzuri kubwa. Yule mama wa miwani ndiye aliyelisoma kwa sauti, kwa kuwa mimi sikuweza.

"Ni hii: kufura tumbo. Mnyweshe mafuta ya kupikia. Mkande ubavu wa kushoto. Msimamishe miguu ya mbele ikiwa juu, kisha umtembeze mpaka apate nafuu. Asipopona, usimle kabla nyama haijapimwa."

Nilikuwa nikihesabu moyoni jinsi nitakavyomwambia baba kwamba nimefukuzwa kazi kwa ajili ya dada yake. Halafu kutoka kwenye kona ikasikika mbweu ndefu, ya kina, iliyoanza chini sana na kupanda kwa hatua, hadi mgeni mmoja akainua mguu kutazama kama kuna mnyama chini ya meza.

"Nimeandika maneno hayo mwenyewe," Daktari alisema, akifuta paji la uso. "Na ni kweli."

Alikataa mafuta. Lakini alikubali kutembezwa, na wageni wakatembea naye kuzunguka soko la mbuzi, yeye mbele, suti imefunguliwa vifungo, na kila mahali watu wakiuliza ni sherehe gani. Aliporudi alikuwa amepata nafuu na hakunifukuza. Alinivuta kando tu, na akaongea kwa uzito, kwa Kiswahili, bila kuchanganya na kitu.

"Binti yangu, miaka hii yote nimeweka kanuni ngapi humo ndani. Hakuna hata moja inayouliza kama mgonjwa ni mbuzi."

"Wewe uliona wazi ni mbuzi," nilisema.

"Mimi huwa namwona. Mashine haioni."

Siku iliyofuata tukaliweka swali hilo mwanzoni kabisa: mgonjwa ni mbuzi? Ukijibu hapana, inasema, "Pole sana. Mimi najua mbuzi tu." Nilidhani tumeliweka kwa mzaha. Kumbe ndilo lililofanya kazi kuliko yote. Watu walikuja na kuku, na mbwa, na mwingine na baiskeli iliyokuwa ikipiga kelele isiyoeleweka. Mama mmoja alijibu hapana, akapewa pole yake, akakaa pale muda mrefu akiisoma. Nilipomuuliza mgonjwa ni nani, alisema ni mume wake, lakini haidhuru, angalau mmoja amempa pole.

Wale wageni walipenda walichoona, na baadaye wakatutuma Makueni, tuijaribu kwenye soko la Mukuyuni ambako hakuna aliyetujua. Shangazi alikataa kubaki nyuma, basi tukaenda watatu, yeye, mimi na Daktari. Tukaweka meza kando ya mahali pa mifugo, jenereta ikakubali kuwaka, na mtu wa kwanza kutukaribia alikuwa mfanyabiashara mwenye fimbo na beberu mnene anayeng'aa. Akajibu kwamba ni mbuzi, bila wasiwasi wowote. Anakula vizuri? "Anakula sana! Huyu anakula hata mawe!" Anakohoa? "Hajui kukohoa!" Anasimama vizuri? Akamzungusha beberu mbele ya skrini, akamwinua mkia, akamfungua mdomo ili mashine ione meno. Nilijaribu kumwambia haioni, akaninyamazisha kwa mkono. Swali la mwisho likapita, na ikaandika kwamba mbuzi huyu ni mzima na hana kasoro.

Yule bwana alisoma taratibu, akageuka kwetu watatu, na akampa Shangazi kamba.

"Haya, huyo mwenzenu ameridhika," alisema. "Sasa nani kati yenu analipa?"